Dohani ya Nyumba ya Ami

Sidab, Maskati
Baada ya alasiri

Mwanangu Zuwena,

Salamu hizi hazitoki mbali, zinatoka chumba cha pili. Wewe uko uani na wanawake, nakusikia unacheka kwa adabu kila wanapokutania, na mimi nimekaa juu ya mkeka, cherehani nimeisukuma ukutani na ubao wa kukatia nguo nimeugeuza meza. Mama yako alichungulia akaniuliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia mkweo salamu. Mkweo hajui kusoma, na mama yako anajua kuwa hajui, lakini leo ana shughuli nyingi, akapita.

Nimeandika kwa Kiswahili, kwa herufi ulizosomea skuli Unguja, makusudi. Kule Jebel, mlimani unakokwenda, hapana mtu mwengine atakayeweza kuisoma barua hii. Ukishaimaliza utaamua mwenyewe umsomee nani, au uitie motoni.

Sikuandikii namna ya kukaa na mume. Hayo umejazwa masikio wiki nzima na kila mwanamke wa Sidab, hata wale walioachwa mara mbili. Wala sikuandikii habari za chumvi na mchele na nani asalimiwe kwanza. Nataka kukuandikia habari ya ile dohani, basi.

Hapa Maskati ukimtajia mtu dohani atadhani unazungumza habari za meli. Nani anahitaji tundu la kutolea moshi katika nyumba ambayo nusu ya mwaka tunalala juu ya paa na shuka tumezirowesha maji? Lakini kesho asubuhi unapanda lori la Nizwa na Hamed mumeo, kisha punda, na kesho kutwa utakuwa juu ya mlima, katika nyumba ileile ya marehemu Ami Salum tuliyokaa, chumba kilekile. Hamed ameshatwambia makomamanga yamekwisha kuchumwa. Unajua maana yake. Wiki hii au ijayo watu wa kule watapanda juu ya nyumba zao na kamba zao, kutengeneza dohani kabla ya baridi.

Juzi nilikusikia ukimwuliza Hamed kwa sauti ndogo, "Kule nyumbani kuna mtu mwengine wa kuwasha moto?" Akacheka, masikini, akadhani unadeka. Akakwambia, "Bibi harusi anataka mtumishi?" Na wewe ukacheka. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikajichoma kidole.

Hamed hajui kuwa mke wake, mwenye miaka kumi na saba, tangu ana kumi na mbili hajawasha hata kijiti cha kibiriti. Mama yako hajakukataza kwa maneno. Akiona umelisogelea seredani la mkaa tu, anakuja anakuchukulia kipepeo cha kupepelea moto mkononi, anasema, "Ondoka, nitawasha mwenyewe." Hata ile mara aliyoumwa homa akawa hawezi kusimama, aliinuka akajishika ukutani mpaka uani, akawasha, akarudi kulala. Miaka mitano. Bi Moza jirani anasema hajaona mama anayempenda binti kama huyu, hataki mikono ya mwanawe iguse masizi. Wewe ukisikia hivyo unainamisha kichwa. Nimekuona mara nyingi ukiinamisha kichwa, na mara zote nimeendelea kushona.

Niache nianze mbali kidogo. Unanijua, siwezi kukata nguo kabla sijaitandaza yote.

Tulipofika kutoka Unguja, mwaka ule wa yale yaliyotokea, tulikuwa na masanduku mawili, cherehani hii iliyofungwa ndani ya gunia, na seredani la bati ambalo mama yako alilipakata njia nzima kama mtoto wa tatu. Ndugu yako Nasoro alikuwa na miaka mitatu. Hapa Maskati hatukuwa na mtu. Ami Salum, mdogo wake marehemu baba yangu, ndiye aliyesikia habari zetu akatuma punda watatu na neno moja: njooni kwenu. Kwenu! Mimi nimezaliwa Malindi, mjini Unguja, nimeshona makoti ya watu waliokwenda Ulaya na kurudi. Nilipouona ule mji wa mawe uliong'ang'ania ubavuni mwa mlima, na mbuzi wamelala vizingitini, nilitaka kulia. Sikulia kwa kuwa mama yako alikuwa ananitazama.

Nakwambia kweli, Zuwena, niliwaona washamba wale watu. Walitupa nyumba, wakatupa mablanketi ya sufi waliyofuma wenyewe, wakatupa tende na samli, na mimi kila usiku nikilala nawacheka moyoni. Nikicheka kanzu zao zinavyonuka moshi. Nikimwambia mama yako, "Sisi kwetu moto mahali pake uani, hawa wanalala nao chumbani kama mke." Mama yako akicheka. Ilikuwa raha yetu ya pekee, kuwacheka, maana kila kitu chengine tulikuwa tumekipoteza.

Basi ikafika siku zile za baada ya makomamanga. Asubuhi moja Ami Salum akaja na kamba begani, mwisho wa kamba amefunga mzigo wa makuti makavu na jiwe kubwa la kuuvutia chini.

"Ya Khalfan," akaniambia, "leo zamu ya dohani yako. Twende juu."

Nikamwambia, "Ami, mie situmii kuni. Nnatumia mkaa, kama kwetu. Mkaa hauna moshi."

"Na hicho usichokiona," akasema, "unataka kitokee wapi?"

Nilimjibu kwa mzaha, sikumbuki maneno, nakumbuka tu kuwa hakucheka. Akapanda peke yake, mzee wa miaka sabini. Na wewe ukakimbilia ndani kusimama chini na Bibi Zayana, mkewe. Unakumbuka? Wewe ulijifunza kila kitu siku ile. Mlizoa majivu ya mwaka uliopita mpaka mkafika kwenye jiwe tupu. Ami akateremsha yale makuti na kuyapandisha, kuyateremsha na kuyapandisha, mpaka masizi yote na kiota cha ndege vikaporomoka mekoni, na wewe ukatoka mweusi uso mzima, meno tu. Mkakanda udongo na majani makavu ya ngano mkaziba kila ufa wa ndani. Siku tatu mkawasha moto mdogo tu, ili udongo ukauke taratibu usipasuke. Na siku ya nne ikaja ile kazi uliyoipenda kuliko zote. Mtu wa chini anawasha majani mabichi, mtu wa juu anakaa penye tundu akingoja, na hashuki mpaka auone moshi kwa macho yake na aite. Kabla hajaita, hapana mtu anayelala chumba kile. Ndivyo wanavyofanya tangu babu zao, na mwenye nyumba ndiye anayekaa juu.

Mwenye nyumba ile alikuwa ni mimi. Nilikuwa nimekaa juani nje nakula komamanga.

Ami akaita kutoka juu, "Nimeuona!" Na wewe ukaruka ruka ndani, ukatoka mbio kunambia, "Baba, umepita, umepita wote!" Nikakwambia kanawe uso.

Baridi ilipokuja, sikuwa najua duniani kuna baridi ya namna ile. Upepo ulikuwa ukishuka ndani ya dohani ukilia, na matone ya mvua yakizima makaa katika seredani la mama yako. Nasoro alikohoa siku saba mfululizo. Mama yako akawa ananinung'unikia, "Tundu hilo kubwa, tunaiotesha mbingu moto!" Nikaona nina akili kuliko watu wote wa mlima ule. Kama mkaa hauna moshi, tundu la nini?

Siku hiyo Ami alikuwa ameshuka Nizwa. Nilichukua gunia la cherehani, nikalikunja mara nne, nikapanda juu mchana kweupe wakati mama yako yuko kwenye mfereji anafua na wewe uko naye. Nikalishindilia ndani ya tundu, juu nikapiga udongo mwekundu wa kando ya njia, nikaulainisha kwa vidole. Nikarudisha juu ya vijiwe vyake jiwe bapa la kukingia mvua, ambalo moshi hupita pembeni yake, mtu akipita chini asione kitu. Nikashuka nikanawa. Mama yako aliporudi akasema, "Leo chumba kimetulia." Nikamwambia upepo umegeuka.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza miaka mitano. Nilijua angemwambia Bibi Zayana, na Bibi Zayana angemwambia Ami, na Ami angenipandisha juu mbele ya watu kama mtoto kwenda kutoa. Ndiyo sababu yote, hapana nyengine. Niliogopa kuchekwa na watu ambao mimi nilikuwa nawacheka.

Usiku wa kwanza na wa pili hakikutokea kitu, maana moto ulikuwa mdogo na mlango uko nusu wazi, mama yako anatoka anaingia. Usiku wa tatu binti wa Bibi Zayana alishikwa na uchungu, na mama yako akaitwa kwenda kusaidia. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, nashona nguo za Idi. Nasoro alikuwa na homa. Mama yako alikukabidhi mtoto akakwambia, "Lijaze seredani mkaa, asipate baridi, na mlango uuache wazi upana wa kiganja." Nilimsikia. Nilisikia kila neno. Nilijua dohani nimeiziba, na nikajisemea kiganja kinatosha.

Ukalijaza. Nasoro alikuwa anatetemeka, ukamhurumia, ukaufunga mlango. Kila mtu katika mji ule usiku ule alikuwa amefunga mlango wake.

Alfajiri nilikuja kukuamsheni kwa sala. Nilisukuma mlango ukagoma, kumbe wewe ulikuwa umelala nyuma yake, pua kwenye upenyo wa chini. Sijui kama ulikwenda pale kwa kutaka maji au ni Mwenyezi Mungu aliyekusukuma. Ulikuwa unatapika, miguu haikuchukui, unasema kichwa, kichwa. Nikakuruka nikamwendea Nasoro. Mashavu yake yalikuwa mekundu, Zuwena, mekundu kama aliyetoka kucheza juani. Nilifurahi. Nikajisemea homa imeshuka, mtoto amelala vizuri, nikamfunika tena. Ndipo mkono wangu ukagusa shingo yake.

Sasa nisome polepole hapa, kwa kuwa hili ndilo ambalo sijamwambia mtu.

Sikumwita mama yako. Sikukupa maji. Wewe ulikuwa kizingitini unajishika tumbo, mwanangu niliyebakiwa naye, na mimi nilikuruka mara ya pili nikapanda juu ya nyumba. Nikaliondoa lile jiwe bapa, nikaukwangua udongo kwa kucha, ulikuwa umeshika barafu, nikalivuta gunia nikalitupa korongoni. Jiwe nikalirudisha mahali pake. Ndipo nikashuka, na ndipo nikapiga kelele.

Ami alikuwa amerudi jana yake. Alikuja, akamtazama mtoto, akalitazama seredani, kisha akapanda juu moja kwa moja bila ya kusema na mtu. Alikaa kule kwa muda. Aliposhuka akasema, "Dohani iko wazi." Halafu akanitazama mikono.

"Uliigusa dohani, ya Khalfan?"

"Wallahi sikuigusa."

Niliapa kwa Mungu na maiti ya mwanangu iko baina yetu. Ami akasema "La haula," akageuka. Hakuniuliza tena mpaka amekufa.

Mama yako alifika, akampakata Nasoro, hakulia. Akakuuliza, "Mlango ulikuwaje?"

Ukasema, "Niliufunga, mama. Alikuwa anatetemeka."

"Nilikwambia kiganja," akasema. Basi. Hakukupiga, hakukutukana. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, udongo uko kwenye kucha, na nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu. Nilisikia jinsi ulivyosema "niliufunga", nikaona jinsi lile jambo lilivyokushukia wewe, mtoto wa miaka kumi na mbili, na nilihisi nafuu. Hilo ndilo sijisamehe, kuliko hata gunia. Gunia lilikuwa ujinga. Ile nafuu haikuwa ujinga.

Kwa hiyo sikiliza. Mlango haukumuua Nasoro. Nyumba ile imefungwa milango na moto umo ndani tangu hajazaliwa babu yake Ami Salum, na hapana aliyekufa, kwa sababu kinachotoka katika moto, cha kuonekana na cha kutoonekana, kilikuwa na njia ya kwenda juu. Njia ile niliiziba mimi. Ungeuacha mlango wazi kiganja, labda angeishi, labda asingeishi, sijui. Lakini usingeufunga juu ya kaburi kama mimi nisingelichimba. Ulifanya alichofanya kila dada usiku ule mlimani. Ulimfunika ndugu yako asipate baridi.

Huenda usiniamini. Umeshaizoea hatia ile, na mtu akizoea mzigo hata akiutua anatembea amepinda. Kwa hiyo nakuachia ushahidi. Ukifika, usingoje kuambiwa, panda juu. Ondoa jiwe bapa. Kwenye mdomo wa tundu, upande wa kibla, nilishindwa kuukwangua udongo wote. Udongo wa nyumba zile ni wa kijivu, ule wangu ni mwekundu. Niliporudi mara ya mwisho kumzika Ami Salum nilipanda kuangalia, na bado upo, na alama za vidole vyangu vitatu ziko juu yake. Weka vidole vyako hapo uone.

Tulipohama kuja Maskati nilisema nafuata kazi, na kweli sokoni Matrah kazi ilikuwepo. Lakini nilikuwa nimekimbia macho ya Ami. Alikuja mara moja tu hapa Sidab, mwaka jana kabla hajafa, kukuposa kwa ajili ya Hamed, mjukuu wake. Tulikaa nje, akanambia, "Msichana nnamtaka, ni wetu. Lakini usimlete juu kwangu na mzigo wako begani mwake." Nikajifanya sikufahamu. Akanywa kahawa yake akaondoka. Angekuwa hai leo ningeweza kusema amenilazimisha kuandika. Amekufa, hapana mwengine anayejua, na nakiri kuwa siku tatu nzima, tangu tulipokuozesha, nimekuwa nikifikiri kunyamaza.

Unajua kwa nini nilishangaa ulipokubali posa ile? Nilidhani utakataa hata kuusikia mlima. Ukasema tu, "Nitakuwa karibu na Nasoro." Mama yako akatoka chumbani. Mimi nikasema mashaallah, kama mpumbavu.

Kila Idi nilikushonea nguo mbili. Wenzako moja moja, wewe mbili, na Bi Moza akanisifu. Ulidhani baba anakupenda, na ni kweli nakupenda, lakini ile ya pili sikuwa naishona kwa mapenzi. Nilikuwa nikikaa na ile nguo mpaka macho yanauma, nikiweka pindo ambalo hapana mtu atakayeliona, na nikimaliza naweza kulala siku mbili tatu. Usizitupe. Kitambaa ni kizuri. Lakini sasa unajua.

Nimefundishwa nini na haya yote? Kidogo sana kwa bei yake. Kwamba watu ninaowacheka huwa wanajua kitu, na kwamba nikijiona nafanya jambo wakati wenyewe hawapo, mikono yangu imeshajua ni baya kabla yangu. Zaidi ya hapo sina. Wazazi wengine wanawapa watoto wao hekima, mimi nakupa gunia.

Na moto, Zuwena. Utauwasha. Hamed atataka kupanda na kamba peke yake kama wanaume wa kule, mwache apande, lakini chini simama wewe. Zoa majivu kwa mikono yako. Ziba nyufa. Majani mabichi uyawashe wewe, usimwachie mkweo kwa kuwa mikono inakutetemeka, acha itetemeke. Usilale chumba kile mpaka umsikie akiita. Ukishamsikia, funga mlango wako, funga kabisa, na ulale.

———

Niliandika mpaka hapo nikaikunja barua kuitia katika sanduku lako, chini ya shela jeusi. Nikafika kwenye kizingiti nikasimama. Uani mama yako alikuwa amechutama mbele ya seredani, lilelile la bati, anapanga mkaa, na wewe umekaa mbali, mgongo umeuegemeza ukutani, unazitazama mashua za watu kama vile moto hauko. Nikaona nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nakupeleka ukweli mlimani, safari ya siku mbili, ili hapa nyumbani nibaki na heshima yangu. Ningeiziba dohani tena.

Nikamwita mama yako. Akaja na kipepeo mkononi. Mama yako herufi hizi hazijui, alisoma chuo cha Kurani tu, basi nimemsomea. Yote, tangu salamu. Alisikiliza amesimama, hakukaa. Nilipofika kwenye mashavu ya Nasoro alinyoosha mkono kama anayetaka kunizuia, kisha akaurudisha. Nikasoma mpaka mwisho.

Kisha akauliza, "Gunia lipi?"

"La cherehani."

"Nililitafuta lile gunia," akasema. "Nililitafuta nimfunike Nasoro juu ya sanda, maana ardhi ilikuwa baridi. Nikakuuliza, ukanambia limeibiwa."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi hilo nilikuwa nimelisahau.

Akanitazama kwa namna ambayo sidhani itakwisha nikiwa hai, na sitaki kukudanganya kuwa itakwisha. Alitoka. Nikamsikia anasimama uani, na wanawake wakapunguza maneno.

"Zuwena," akaita. "Njoo uwashe moto."

Bi Moza akaruka, "Haya tena! Bibi harusi awashe moto? Na hina yake ile?"

"Mwache," mama yako akasema. "Njoo, mwanangu."

Naandika haya nikiwa dirishani. Umesimama na kibiriti mkononi, hujui kuna nini, umemtazama mama yako, kisha umetazama huku kwangu kana kwamba mimi nina jibu, na ninalo, liko mkononi, utalisoma kesho kutwa. Kijiti cha kwanza kimekatika. Cha pili kimezimwa na upepo wa baharini. Mama yako amekaa chini karibu yako, mikono ameiweka mapajani, hakigusi kipepeo.

Sasa moto umeshika. Mkaa umeujaza kupita kiasi na vijiti umeviweka juu badala ya chini, moshi mtupu, Bi Moza anakohoa. Umekosea kila kitu, na hapana mtu anayekusahihisha.

Babako,
Khalfan